Safari Uliyonikataza

Chumba cha uani,
Nyumba ya fundi cherehani.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia daktari alikukataza ngazi, ukamwambia apande yeye basi. Nimecheka peke yangu. Ubishi wangu kila mtu anasema nimeurithi kwako, kwa hiyo leo usinilaumu. Sisi huku wazima. Mama kikohozi kimemwachia. Baba yuko vilevile, miwani kichwani, na nyumba nzima tunahangaika kuitafuta.

Barua yako ilifika. Uliniambia niachane na mwaliko wa kile chuo, kwamba hakuna mtu wa kunilipia nauli, chumba na chakula bila kutaka kitu, na kwamba wakishanipata watanigeuza mtumishi wa kulisha viwavi wao. Ukasema umeshampa neno mwenye duka la dawa za kuulia wadudu, na kazi yangu ya kuuza pale inanisubiri.

Shangazi, nilikwenda.

Usiichane kwanza. Nisikilize.

Ni kweli wanataka kitu. Kila mwaka wanawaita wanaotaka kusomea uzamivu wa wadudu, kwa gharama ya chuo, wawatazame vizuri, na sisi tuwatazame wao. Tulikuwa wachache, kila mmoja na mdudu wake moyoni. Kuna aliyekuja na mbu, kuna aliyekuja na mchwa. Mimi nilikuja na nyigu wangu, wale wadogo kama punje za mchanga, wanaotaga mayai ndani ya viwavi wa mahindi na kuwamaliza humo humo. Ndiyo hao walionifanya mtaa mzima uniite Mama Nyigu.

Nikaumbuka siku ya kwanza tu. Wana chumba cha wadudu wakavu, makabati hadi darini, na sheria yao pale ni kali: chochote kikavu kutoka nje hulala kwanza kwenye friza. Kuna vidudu vinavyokula wadudu wakavu, vikiingia kabati moja, jirani yake naye kwisha. Mimi na kiherehere changu nikatoa kisanduku mkobani, nikakifungua katikati ya chumba ili wanione. Chini ya nyigu wangu kulikuwa na unga wa wenzao waliokwisha kuliwa. Vidudu vyenyewe hivyo, nimevileta mwenyewe, nimevifunga vizuri kwa kamba!

Lo! Watu walirudi nyuma kama nimefungua nyoka. Mwenye chumba akabeba kila kitu mpaka kwenye friza, kisanduku, mkoba, shali, na vile viatu vya kisigino ulivyonitumia nivae siku ya usaili. Nikaenda kusailiwa nimevaa kandambili.

Nilikaa mbele ya maprofesa mikono mitupu, miguu nimeificha chini ya kiti. Basi nikawaeleza shamba la Mama. Tulivyopiga dawa hadi nyuki wakahama, na viwavi wakarudi wanene kuliko mwanzo. Nikasema nataka kujua nyigu wanaweza nini pale dawa iliposhindwa. Profesa mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza nyumbani wanasemaje. Nikamwambia wanasema hapana. Akauliza, na wewe je? Nikasema, mimi si ndiye niliyepanda basi?

Hofu yako sikuidharau, Shangazi. Pale wana desturi ya kuwaachia wageni mchana mmoja na wanafunzi wa zamani, maprofesa hawakaribii. Niliwauliza waziwazi kama wao ni watumishi. Dada mmoja alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia viwavi analisha kweli, chupa anaosha, na kuna siku hujifungia chooni akalia. Ila mwisho wa yote kazi inabeba jina lake. Hiyo inanitosha.

Wamenichukua. Walinipa wiki ya kujibu, na Baba akaniomba nisubiri neno lako, maana ni wewe uliyenisomesha. Sikusubiri. Nilijibu ndiyo siku ileile. Mwenye duka nimemwendea mwenyewe, nikamwambia nafasi ampe mwingine. Akanuna. Na anune. Siwezi kusimama nyuma ya meza kumuuzia mama wa mtu dawa ambayo nimeona ilivyolifanya shamba la mama yangu.

Najua nimelivunja neno ulilompa mtu, na wewe hujazoea kuvunjiwa neno. Pole. Lakini lilikuwa neno lako, Shangazi, halikuwa langu.

Nisalimie Mjomba mume wako, na yule dada yangu mdogo mtundu, mwambie kitabu cha vipepeo nitamletea. Mama anakusalimu, Baba naye, ingawa anaogopa utakachojibu. Mungu akuponye goti upande ngazi zako upendavyo.

Ruhusa sikuombi, nimeshajipa. Naomba radhi yako. Mama kanipa yake, Baba anangoja uanze wewe. Ukinipa, nitaondoka nikicheka. Ukininyima nitalia, nitafuta machozi, nitaondoka.

Mwanao akupendaye hata ukinuna,
Mama Nyigu