Neno la Kuthibitisha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Helena Gidobat
Umri: Miaka 36
Kabila: Mdatoga
Kazi: Mkulima na mfugaji
Makazi: Gendabi, Wilaya ya Hanang
Tarehe: 13/03/2025, saa 3:20 asubuhi
Mbele ya: Koplo Yoakimu

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Jirani yangu mama Bernadina Hhando yuko mahabusu tangu jana jioni kwa kitu ambacho hakukifanya, na mimi najua nani alikifanya. Afande ameniambia nianze mwanzo. Sawa, naanza mwanzo, lakini asinikatishe, maana nikikatishwa naweza kunyamaza tena.

Nimeolewa na Tito miaka kumi na sita. Jina lake la pili afande ameliona kwenye kitambulisho na kuliandika mwenyewe kwenye faili. Mimi silitaji. Ni jina la baba mkwe wangu, na kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe, hata mzee akiwa amekufa. Huyu amekufa miaka mitano. Afande ameniuliza kama hiyo ni sheria. Si sheria, ni heshima. Mimi sikujaliwa mtoto. Wenzangu pale bomani wana watoto wa kuwasemea, mimi nilikuwa na heshima yangu tu, na shemeji zangu walikuwa wakinitolea mfano kwa wake zao.

Tito hachungi. Kazi yake ni kununua na kuuza sarafu za mtandaoni kwa kompyuta. Mwaka jana ukoo uliuza ng'ombe kumi na mbili, wakampa hela azizungushe. Anachofanya ni kuweka oda, yaani anaacha maagizo kwenye soko la mtandaoni: bei ikishuka mpaka hapa, ninunulie. Maagizo yanakaa pale hata yeye akiwa hayupo. Ili asihangaike kuyaondoa moja moja, alitengeneza programu ya kuyafuta yote kwa mara moja, kwa ufunguo maalumu aliopewa na lile soko. Akaiita Kifutio. Siku moja alikigusa kwa bahati mbaya kikafuta oda nzuri, akapiga kelele mpaka kuku wakatoka nje. Ndipo akakiwekea neno la kuthibitisha. Bila neno hakifuti. Neno lenyewe hakuniambia na mimi sikuuliza. Tito akikaa na kompyuta anaongea nayo, anacheka nayo. Mimi nilikuwa naleta chai naondoka na kikombe cha jana.

Jumapili tarehe 09/03/2025 Tito alianguka na pikipiki, akavunjika mguu, akalazwa hospitali ya Haydom. Simu yake kubwa ilisagika.

Jumanne tarehe 11/03/2025, saa 4:10 asubuhi, alinipigia kwa simu ya mtu anayemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakuniuliza nimeamkaje. Alisema, "Helena, ile sarafu inaanguka, watu wanaikimbia. Oda zangu zitainunua yote na hela itaisha. Washa kompyuta, fungua Kifutio." Yeye mwenyewe hakuweza kuingia sokoni, kwa sababu namba za siri zinatumwa kwenye ile simu iliyosagika. Kompyuta ya nyumbani haihitaji namba hizo, ina ule ufunguo.

Mimi nimefika darasa la saba, kusoma na kuandika naweza. Nilifanya kila alichosema. Kioo kikawa cheusi, nikaandika "futa zote", kikaleta maneno: "Neno la kuthibitisha". Nikamuuliza neno gani.

Akasema, "Jina la mzee."

"Mzee gani?"

"Baba."

Hapo niliondoa mikono kwenye kompyuta. Nadhani alikuwa hajafikiria kabisa. Aliweka neno ambalo mwizi hawezi kulikisia, akasahau kwamba kuna mtu ndani ya nyumba yake analijua na hawezi kuligusa. Nikamwambia, "Tito, unajua unachoniambia?" Akasema, "Si unaandika tu, hutamki." Halafu akaanza kunitajia herufi. Niliondoa simu sikioni. Niliporudisha, mwenye simu alikuwa ameshaichukua.

Jamani, kuandika ni kutamka au si kutamka? Wazee wetu hawakuandika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kutuambia. Nilitoka saa 4:25 kutafuta mtu wa kuniandikia. Nilikwenda kwa mama Bernadina, kwa sababu yeye ni Mwiraqw na jina lile kwake ni jina tu. Nikakuta mlango una kufuli. Nikatembea mpaka barabarani, nikakaa pale juani. Walipita wachungaji wawili, wote hawajui kusoma. Basi la Masakta halikusimama. Nimeishi Gendabi miaka kumi na sita, afande, na siku ile sikuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia niandikie neno moja. Nilisikia uchungu sana.

Nilirudi nyumbani saa 5:45. Nikafunga mlango. Niliandika herufi ya kwanza nikaifuta, nikaandika tena nikaifuta. Saa 5:52 niliandika jina lote. Ni mimi niliyeandika. Hakuwepo mtu mwingine ndani.

Kifutio kikajibu: "Hakuna oda iliyobaki ya kufuta." Bei ilikuwa imeshapita, oda zote zimeshanunua, hela ya ukoo imegeuka sarafu isiyo na thamani. Nilichelewa. Na lile jina likabaki pale juu, jeupe kwenye weusi, sikujua namna ya kuliondoa. Nilifunika kompyuta kwa kanga, nikalia.

Mama Bernadina alikuja saa 6:30 na mboga za kunigawia, akanikuta hivyo. Nilimweleza yote. Akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Usimwambie mtu." Saa nane Tito alipiga tena, nikamjibu nimeandika lakini zimeshanunua. Aliuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema "basi", akakata.

Jana asubuhi shemeji yangu Gidahosh, ambaye Tito hakumwambia ni mimi niliyeandika, alikuja, akafunua kompyuta, akaona muda na lile jina. Akasema hela imeibwa na aliyeiba ni aliyeandika, na mke wetu hawezi kuandika hilo, kwa hiyo ni yule Mwiraqw aliyeonekana akitoka humu siku ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia yote. Sikufungua mdomo. Niliionea aibu nafsi yangu usiku kucha. Mama Bernadina alipochukuliwa alinitazama tu. Anajua ni mimi, na mpaka leo hapa kituoni hajanitaja.

Gidahosh yupo hapa chumbani wakati nasema haya. Amewaambia polisi kwamba namtetea jirani, na kwamba mke wa nyumba yao hawezi kuandika jina hilo. Afande ameniomba nitamke neno hilo ili aamini. Nimekataa. Ameniuliza kama naweza kuliandika. Nimemwomba Gidahosh atoke. Amekataa, anasema andika tukuone.

Nimeliandika. Hakuna aliyenishika mkono. Gidahosh amesimama, ametoka, hakuniaga.

Niliyoyasema ni hayo. Nimesomewa, ni ya kweli, na sipunguzi hata moja.

Sahihi: Helena Gidobat

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika kama alivyoyatoa. Shahidi alifunika karatasi kwa kiganja mpaka nilipoipokea. Neno limelingana na lililomo kwenye kompyuta. Kwa ombi lake sikuliandika humu, karatasi imetiwa kwenye bahasha na kufungwa. Bernadina Hhando ameachiwa saa 5:05 asubuhi. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu wa kupigiwa simu, shahidi ameomba iachwe wazi.

Koplo Yoakimu