Nimekaa Kochi Moja na Mkwe Wangu, na Jicho la Pili Bado

Mpendwa Shangazi Romana, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba. Naomba unisaidie, maana hapa Kakese ndugu hawalali kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe nalala vizuri tu, ndilo linalowaudhi.

Mimi ni mjane, Msukuma, wazazi wetu walihamia huku na ng'ombe, na mila tumeishika: mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Deogratias, Mfipa aliyemuoa binti yangu Recho, aliikubali mila hiyo kwa moyo mmoja, akija anakohoa tangu barabarani, mimi napita nyuma ya nyumba, salamu analeta Recho, na tangu amuoe hatujawahi kugombana, tungegombania wapi?

Sasa macho yangu yote mawili yakaingiwa na mtoto wa jicho. Tukaenda Dar watatu, Deogratias mbele, mimi nyuma, Recho katikati, jicho la kwanza likapasuliwa, likafunguliwa, nikaona. Siku ya kurudi mvua ikazuia ndege, watu wakajaa uwanjani mpaka wengine wakakaa chini, na daktari alishasema jicho lisisongwe wala kuingia vumbi. Deogratias kwa kusafiri sana kikazi ana kadi ya kuingilia chumba cha kupumzikia, wanakiita launji, akamwambia Recho, "Chukua kadi, ingia na mama, mimi nabaki." Mlangoni kuna foleni, anatoka mmoja ndipo anaingia mwingine, na binti wa mlangoni akasema hapana, kadi haiingii bila mwenyewe, na mwenyewe anaruhusiwa mgeni mmoja tu. Recho akatusukuma, "Nendeni nyie, mtaniua na mila zenu." Yule binti akamuuliza Deogratias, "Huyu mgeni ni nani kwako?" Shangazi, mwanaume mzima akameza mate, akasema, "Ni mtu wa nyumbani."

Ndani kumbe kumejaa kama nje, tofauti ni zulia. Lililobaki ni kochi moja la watu wawili. Tukakaa tumepeana migongo, nimejifunika kitenge, watu wakadhani tumenuniana. Chakula kila mtu anajipakulia, nami kwa jicho moja nikamwaga supu, ndipo akasema neno lake la kwanza kwangu, "Mama, kaa, nitakuletea." Akaleta chai na sambusa, akanipa kikombe huku ameangalia pembeni, chai ikaishia kwenye shati lake jeupe. Nikacheka. Na yeye akacheka. Shangazi, nikamwona! Ana mwanya, ule ule wa mjukuu wangu Agape, mtoto wao, ambao siku zote nawaambia watu ni wa ukoo wetu. Tukaongea mpaka ndege ikaitwa, habari za mahindi, za marehemu mama yake, za Recho alivyo mkaidi. Nilifurahi, sikufichi. Hata sambusa nilizomfichia Recho kwenye kitenge zilipokamatwa mlangoni, kwamba chakula hakitoki, nilicheka vilevile.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilimsimulia shemeji yangu Masunga, mdogo wake marehemu mume wangu, nikidhani atafurahi. Akasema nimeaibisha ukoo, Deogratias atoe mbuzi, na nisisafiri naye tena. Na jicho la pili ni mwezi ujao, daktari kasema nisicheleweshe, Recho mimba imekuwa kubwa hawezi kupanda ndege, mwingine wa kunipeleka hakuna. Deogratias naye amerudia kukohoa barabarani. Zamani nilikuwa simwoni kweli, sasa namwona mpaka mwanya, halafu najifanya simwoni. Niache jicho au nivunje mila? Naandika kwa mkono wangu, mistari ikipanda mlima unisamehe.

Mama Recho, Kakese

SHANGAZI ROMANA ANAJIBU

Mama Recho, shikamoo, maana mimi mjukuu sina bado.

Pole kwa macho, hongera kwa jicho. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza. Ila ngoja kwanza nikugombeze. Sambusa za launji zinatoka tumboni, si kwenye kitenge, mama mzima wewe! Na binti yako mjamzito yuko nje kwenye msongamano, nyie mnapiga soga za mahindi? Kama kadi haimruhusu, chai ya nje inauzwa, mngemnunulia. Mkamwombe radhi.

Mila yenu siidharau hata kidogo. Iliwekwa ili mkwe asikuzoee mpaka akakuvunjia heshima. Haya, huyu amekuvunjia heshima wapi? Alitaka yeye ndiye abaki nje. Mkwe wa hivyo wapo wanaomtafuta kwa tochi.

Na wewe Masunga, najua gazeti linafika Kakese, soma hapa. Umedai mbuzi, sawa, ni haki yenu wazee. Lakini mbuzi akishaliwa, maneno yameisha. Huwezi kula mbuzi, halafu ule na jicho la shemeji yako.

Kwa hiyo, Mama Recho, fanya hivi. Jumapili hii waite wazee. Deogratias amlete mbuzi kwa mkono wake, aombe ruhusa ya safari mbele yao, waseme wanayosema wakubwa kwenye jambo kama hili. Wakitaka mtu wa kukaa katikati yenu, Masunga apande ndege mwenyewe, ila mwambie kabisa kadi ni ya mgeni mmoja, yeye atakaa nje. Wakikataa hata hivyo, nenda. Jicho likiharibika hakuna mzee atakayekushika mkono kila siku kukupeleka kisimani. Ukirudi, Deogratias akiendelea kukohoa barabarani, mwache akohoe, ni adabu yake, nawe pita nyuma ya nyumba ukimcheka kimoyomoyo.

Mfike uwanjani mapema, maana chumba kikijaa wanafunga mlango. Na yule binti akiuliza tena huyu mgeni ni nani, usimwachie mtoto wa watu ameze mate, huyo ambaye hana mama. Funua kitenge, mwangalie binti usoni, ujibu wewe, "Mimi ni mama yake."