Rezini Haikauki Lushebere

Walikale, tarehe 4 Juni

Kwako Papa Igiraneza,

Pokea salamu zangu. Mimi na mtoto tuko wazima. Wewe sijui, maana simu yako haishiki huko milimani na afya yako sasa naisikia kwa watu wa pikipiki. Kile kikohozi kimekwisha?

Uliniambia siku nne. Tangi la maji limepasuka, unabandika kitambaa cha fibre, unapaka rezini, ile gundi yako, inakauka, unarudi nyumbani. Leo ni siku ya kumi na saba. Papa Igiraneza, mimi si mgeni wa kazi yako. Ni mimi ninayekushikia kopo ukikoroga. Hapa Walikale ukitia ile dawa ya kukausha, rezini inakuwa ngumu kabla sijamaliza kuchambua maharagwe ya mchana. Hiyo ya Lushebere ni rezini ya namna gani?

Tena nasikia mwenye tangi ni mjane, anaitwa Laetitia, ana ng'ombe wengi na anatengeneza jibini. Hilo hukuniambia. Nimelipata kwa Déo wa pikipiki, na alicheka kidogo alipolisema.

Ndiyo, nina wivu. Nimeliandika wazi ili usije ukasema hukuelewa.

Mke wako,
Mama Igiraneza


Lushebere, tarehe 11 Juni

Mpenzi Mama Igiraneza,

Nakusalimu sana, wewe na mtoto. Mimi mzima. Kikohozi kimepungua, asubuhi napewa maziwa ya moto.

Umenichekesha, mke wangu. Huku si Walikale. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, vidole vinakufa ganzi, na rezini haipendi baridi hata kidogo. Nilipaka Jumatatu, Ijumaa bado ilikuwa inanata kama ugali wa muhogo. Nikaongeza dawa, ikachemka ndani ya kopo, na nilipoipaka ikafanya nyufa. Nikakwangua yote, nikaanza upya. Sasa tumelizungushia tangi turubai. Tunachoma mawe jikoni, tunayabeba na kuyapanga chini ya turubai yatoe joto, maana moto wenyewe hauwezi kukaribia, rezini inawaka kama petroli. Na kopo tunaliweka kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto.

Kwa kuwa huniamini, nakutumia kipande cha kitambaa nilichokipaka siku sita zilizopita. Déo atakuletea. Kiguse kwa kidole chako mwenyewe, halafu uniombe radhi.

Mume wako,
Papa Igiraneza


Walikale, tarehe 15 Juni

Papa Igiraneza,

Salamu. Huku tuko wazima.

Nimekigusa. Ni kigumu kama pembe ya ng'ombe. Nimekigonga mezani, kikalia. Jeannette wa jirani naye amekigonga, kisha akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo imenichoma kuliko yote. Umeniona mjinga kiasi hicho? Ungetafuta basi uongo ambao hauwezi kugongwa mezani.

Na hizi nyuzi nyekundu zilizoganda ndani yake ni za shali ya nani?

Halafu nimeisoma barua yako mara tatu. Tunachoma, tunabeba, tunaliweka. Wewe na nani? Uliondoka hapa ukiwa mtu mmoja.

Mwisho wa mwezi ukipita hujafika, nachukua mtoto naenda kwa mama yangu Nyabiondo. Usinifuate.

Mama wa mtoto wako


Walikale, tarehe 19 Juni

Mume wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa aibu. Natumaini bado uko mzima na bado una moyo wa kunisoma.

Leo Déo amekuja kulalamika juu ya tiriko yake, ile nyekundu ya sufu anayovaa njiani kwa baridi. Amesema hivi: "Mama, ile kitu ya bwana yako njo iliniharibia tiriko! Niliiweka hapa kifuani isipotee, ikaninata. Kuvuta, ikatoka na nyuzi. Kule Lushebere ilikuwa laini kabisa. Kushuka huku kwa joto njo ikakuwa nguvu."

Nimekitazama kile kipande upya. Nyuzi zimezama ndani, hazitoki hata kwa wembe. Zingeingiaje kama kilitoka huko kikavu? Joto la njiani ndilo lilikikausha, nami nikaona shali ya mwanamke. Wivu umenifanya kichekesho mbele ya Jeannette.

Nisamehe, Papa Igiraneza. Kwenda Nyabiondo siendi. Fanya kazi yako polepole, usiongeze dawa kwa haraka ukaharibu tena. Mwambie Mama Laetitia asante kwa maziwa. Nimeandika hilo nikiuma meno, lakini nimeandika. Mtoto akisikia pikipiki anakimbia barabarani kukutazamia. Nami ninatazamia, ila mimi sikimbii, watu wataniona.

Mke wako mpole tangu leo,
Mama Igiraneza


Lushebere, tarehe 20 Julai

Mukandori,

Barua zako mbili nilizipokea siku moja. Usiombe radhi. Yote niliyokuandikia juu ya baridi ni kweli, na kile kipande kilikuwa kinanata nilipompa Déo.

Ila tangi lilikauka tarehe 13 Juni, siku mbili baada ya mimi kukuandikia ile barua ya kipande. Limejaa maji, ng'ombe wanakunywa, halivuji.

Mimi niko huku bado.

Nitashuka siku moja kumwona mtoto. Usimwambie ni lini, sijui mwenyewe.

Straton