Sura ya Mwisho Iliyobaki Beni

Yaya Masika, dada yangu uliyetutoka kabla ya kunipa bahasha ya mwisho,

Leo nimeshinda. Nakuandikia nikiwa nimesimama dirishani, hapa mtaani Vulamba, Butembo, kwa sababu kukaa kumenishinda.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulisoma riwaya yako ya kwanza ya wale watu wanaoogopana ndani ya nyumba moja, ukaikata sura ya mwisho kwa wembe wako wa kushonea, ukaitia katika bahasha na kuifunga kwa uzi mwekundu. Kitabu ulinitumia Butembo kwa dereva wa basi. Bahasha ilibaki kwako Beni. Nilipokuja kuidai ulinizuia mlangoni: "Andika kwanza. Jina la muuaji na sababu. Kisha utasoma."

Niliandika katika daftari langu la kila siku, nikakosea. Vitabu tisa, mara tisa. Kila mara nilimshtaki mgeni: fundi aliyepita, mpangaji mpya, mtu asiye na kwao. Ulicheka mpaka sindano ikakuponyoka. "Kahindo, we unatafutaka muuaji ku barabara, na yeye iko anakula nabo ku meza!"

"Mais yaya, kwetu hatari inatokaka wapi?"

Uliinama kuiokota sindano. "Njo maana nabipenda ibi bitabu. Mule woga iko na jina, na kitabu kinaishaka."

Mimi sikuzipenda riwaya zote hizo, na bado sizipendi zote. Niliandika kwamba mwandishi anayempotezea mtu kumbukumbu ukurasa wa kumi, kisha anamrudishia pale anapozihitaji yeye, ni mvivu. Niliandika kwamba nimechoka na wake wanaoitwa wendawazimu na waume zao, halafu mwishoni inaonekana walisema kweli. Lakini niliandika pia kwamba ile ya saba iliniunguzia sufuria nzima ya maharage, na sikujuta.

Ya kumi ulinitumia ukiwa tayari mgonjwa. Niliisoma mara mbili, taratibu, kalamu mkononi. Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi niliandika: "Muuaji ni yule anayetusimulia. Anasema hakuingia jikoni siku ile, lakini anajua chai ya marehemu ilikuwa na sukari nyingi." Nilipanga kukuletea jibu baada ya Pasaka. Pasaka hukuifikia.

Tulipokuzika sikuuliza bahasha. Ningeulizaje? Nilibaki na kitabu kisicho na mwisho na jibu lisilo na wa kulisahihisha.

Asubuhi hii binti yako Katungu amefika kutoka Beni. Alikuwa akisafisha droo ya cherehani yako, akakuta uzi mwekundu na jina langu. Nilifungua daftari kwanza, nikamsomea jibu langu kwa sauti, asije akasema nimelibadili. Ndipo nikakata uzi.

Ni yeye, yaya! Ni yule anayesimulia, na chai ndiyo iliyomkamatisha.

Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wako uliokuwa umeanza kutetemeka, uliniachia mstari mmoja: "Kama uliona ile chai, sina tena cha kukufundisha."

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio. "Kuko nini? Mumepata mutoto?"

"Hapana, mama! Nimepata muuaji!"

Aliondoka bila kugeuka. Katungu alicheka, na kicheko kilikuwa chako, kilekile cha kuangusha sindano. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka naye.

Kabla hajapanda basi kurudi, aliniomba riwaya mpya niliyomaliza kuisoma wiki jana. Nilichukua wembe, nikaikata sura ya mwisho mbele ya macho yake.

"Mais mama mudogo, iyo ni roho mubaya!"

"Andika kwanza," nikamwambia.

Pumzika, yaya. Bahasha yake nimeifunga kwa uzi wako mwekundu.

Mdogo wako, mshindi wa mara moja kati ya kumi,
Kahindo