Waragi Niliyoona Haya Kuinunua

Mpendwa Shemeji Issa,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Wanaotoka Zaire wakifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kila mmoja ana lake: huyu kakuona Bukavu, yule anasema hakujui kabisa. Basi naiandika wazi, aisome anayetaka, maana nilikuchafulia jina mbele za watu na haifai nikuombe radhi kichochoroni. Nakuita shemeji ingawa ndoa yako na dada yangu Mwanaidi haikufungwa. Mimi ndiye niliyeivunja.

Unalikumbuka gari letu? Chesisi ya gari la Mzungu fulani wa zamani za ukoloni, uliyoikuta imeota majani kule Endiinzi, injini ya gari jingine, na bodi ya mbao na mabati tuliyoigonga wenyewe nyuma ya nyumba yako Nakivale. Watu walilicheka mpaka siku lilipowaka. Breki ndizo zilizotutoa jasho. Baada ya vita, Mbarara nzima haikuwa na duka lenye mipira ya breki ya saizi ile, ukaikata mwenyewe kwa wembe kutoka tairi la lori, ukaisugua kwa msasa siku nzima. Nilikuuliza kwa nini tusitafute hata mafuta ya breki.

"Utayapata fasi gani?" ulisema. "Tutatengeneza yetu. Mafuta ya nyonyo na waragi, nusu kwa nusu. Lakini mafuta ya taa usitie hata kidogo. Inavimbishaka mupira."

Chupa ya kwanza ya waragi, ile pombe kali, alikununulia jirani yako. Wewe ulikuwa umeacha pombe mwaka mzima kabla ya kusilimu, na baba alikubali kukuoza kwa sharti hilo hilo moja. Ulipoifungua uligeuza uso pembeni, ukacheka. "Hii ni ya gari. Mimi na yeye tulishaachana." Breki zilishika vizuri, na nilikuonea fahari kama vile mikono ile ilikuwa yangu.

Kisha gari likaja kukaa uani kwetu Mbarara, na mafuta ya breki yakapungua. Ulinitumia maneno nichanganye mengine, kwani Alhamisi ungekuja kumpeleka baba Nakivale akaone nyumba atakayoishi binti yake. Nikaenda mtaa wa Ruti kwa mama mmoja anayeuza waragi. Nilifika hadi mlangoni, shemeji. Nikamwona mzee wa msikitini kwetu anakuja na baiskeli yake, na mimi, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, kijana wa safu ya mbele, nikajifanya naulizia njia. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Dukani kwetu kulikuwa na mafuta ya taa, meupe kama waragi. Nikajiambia kidogo hakidhuru.

Alhamisi ulifika ukauliza, "Ulitia?"

"Nilitia."

"Waragi?"

"Waragi."

Hukuuliza tena. Uliniamini, na ukampandisha baba mbele.

Tulipoanza kuteremka kabla ya Kaberebere nilikuona unakanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hukupiga kelele. Ulilipeleka gari kwenye ukingo wa udongo upande wako, ili kishindo kikupate wewe kwanza. Uliumia mbavu, baba akavunjika mkono, mimi nyuma sikupata hata mchubuko. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akipita na mkewe alisaidia kumtoa baba, kisha akakutazama ulivyokuwa ukiyumba. "Hii fundi nakunywa," akasema. "Mimi najua watu kama hii." Wewe ulikuwa umeshapiga magoti kwenye gurudumu. Ulitoa mpira mmoja, ukausogeza puani, ukanitazama. Nami nikatazama barabarani.

Jioni ile baba, mkono ukiwa na plasta, aliniuliza mafuta ya breki hutengenezwa kwa vitu gani. Nikamwambia. Akauliza nani alinunua waragi. Ulimi wangu haukusita hata kidogo: "Issa mwenyewe, baba."

Baba akasema, "Basi aliinywa." Nami nikamwacha aamini hivyo. Kesho yake posa ilivunjwa, na kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata hadithi ya fundi mlevi wa Nakivale ilikuwa imefika sokoni. Hakuna aliyekupa tena hata baiskeli uitengeneze. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwepo wakikucheka, na kwamba nami nilicheka.

Juzi nilimwambia baba ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza maji ya udhu, na tangu hapo hajala chakula nami. Kisha nikaenda kwa Mwanaidi. Hakuolewa, kama hukusikia. Wamekuja watatu, wote amewakataa. Alikuwa anakunja nguo, na nilipomaliza kusema hakuacha kukunja.

"Najua," alisema. "Issa aliniambia siku ile ile. Mpira ulinuka mafuta ya taa."

Nikamuuliza kwa nini basi hukusema, kwa nini yeye hakusema.

"Nilitaka kwenda kwa baba. Issa akanikataza. Alisema, 'Ndugu yako ni mutu muzuri, ameogopa tu. Tumupe siku mbili, atasema yeye mwenyewe.'"

Mwanaidi anasema ulizingoja hizo siku mbili, ukaongeza wiki, ukaongeza mwezi, ndipo ukaondoka. Mimi nimetumia miaka minne, shemeji. Popote ulipo, hesabu kwamba nimesema. Nimechelewa, lakini nimesema.

Ni mimi,
shemeji yako, kama bado waniruhusu kujiita hivyo.