Mstari wa Njano Sikioni mwa Thuwaiba

Mabawa,
Tanga.
9 Oktoba 2025

Mpendwa Baba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii, anayokuja nayo Pemba jirani yetu Bakar, itakukuta mzima na mguu umepungua uvimbe. Mama naye vipi na presha yake? Sisi huku hatujambo, isipokuwa sikio la mjukuu wako Thuwaiba, na ndilo lililonikalisha kuandika. Simuni siwezi. Nyumba yetu ndogo, na sikio lake bovu ni moja tu. Lile jingine linasikia hata yasiyomhusu.

Usaha ule haukuwa wa kupita, Baba. Ndani kuna uvimbe unaokula mfupa, na ukiachwa utapanda kwenye ubongo. Daktari Nehemia anataka kumpasua Jumatano.

Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni kompyuta. Ile picha ya CT ya kichwa chake waliipitisha kwenye hiyo wanayoiita akili mnemba, ikarudi imepakwa rangi, ati ndiyo ramani ya upasuaji. Nilipoona mstari wa njano nikaanza kulia, nikidhani ndio usaha ulivyofika mbali. Kumbe ni mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Umepita humo humo sikioni, na ukikatwa, mdomo wa mwanangu utakwenda upande maisha yake yote.

Basi nikamuuliza daktari, hiyo mashine imejifunzia masikio ya nani? Ya watu wengi, wengi wao wa ng'ambo. Imewahi kuona sikio lililooza miaka mitatu kama hili? Hana hakika. Na picha yenyewe imehifadhiwa wapi? Nikaambiwa nisijali, jina la mtoto limeondolewa. Mtu akiniambia nisijali ndipo ninapojali zaidi.

Mkweo Shaib ndiye usiseme. Kitu chochote chenye kioo kinachowaka yeye anakiamini. Alikuwa keshashika kalamu atie saini, nikamkanyaga mguu.

Nikamwambia daktari anionyeshe mashine ilipokosea. Nilitaka kumbana tu. Akanionyesha kweli! Pale mfupa ulipoliwa mstari ulikuwa umepotoka, akaufuta na kuuchora upya mwenyewe. Nikazidi kuogopa.

"Sasa kitu wajua chakosea, wakitumia cha nini?"

"Kinaniharakishia kuchora tu, mama. Nikishaingia ndani nisipouona mshipa kwa macho yangu, naacha hapo hapo na kufunga."

Katika yote niliyoambiwa, hilo tu ndilo nililoliamini, nikatia saini. Kompyuta bado siiamini.

Nisalimie sana Mama, kaka Yussuf na watoto wake, na shangazi Wanu. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu na akuondolee maumivu.

Sasa nina ombi. Daktari anasema mtoto akizinduka, kitu cha kwanza watakachotazama ni anavyocheka. Ukimwambia tu acheke atakenua meno, nami sitajua kitu. Kwa hiyo Jumatano alasiri usiiache simu yako mbali. Nitakupigia na kuiweka kwenye sikio lake zima, umdai ile pua yako unayosema ulimwazima, maana kwa hilo hajawahi kujizuia kucheka. Naogopa mno, lakini wewe usimlilie, Baba. Mdai pua tu. Mimi nitakuwa namtazama mdomo.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Rahila