Kama Kunde Si Farasi, Mimi Si Mke?

Kwako Mshauri wa gazeti letu,

Salamu nyingi na heshima. Mimi naitwa Mwanamvua, na anayeniandikia barua hii ni jirani yangu Letisia, mke wa mwalimu hapa Ruangwa, maana kusoma najua kidogo, mume wangu alinifundisha kwa gazeti lako hili hili, lakini kuandika mkono wangu bado mzito, na jambo lenyewe siwezi kulitafutia maneno mafupi, kwa hiyo naomba univumilie mpaka mwisho. Nataka kujua kama mimi ni mke wa mtu au nimeachika, na jibu lake, amini usiamini, limo kwa mnyama mmoja mfupi aliyeko nyumbani kwetu Nachingwea.

Mume wangu ni Saburi. Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga, Saburi aliajiriwa kutunza farasi wa fundi mkuu mmoja wa mitambo, na Bwana yule alikuwa na binti mdogo, na binti naye alikuwa na farasi wake mwenyewe, mdogo ajabu, mgongo wake haufiki kiunoni mwangu, rangi yake kama kunde zilizokauka, ndiyo maana Saburi akamwita Kunde na jina likamganda. Farasi wakubwa wote walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, akabaki Kunde peke yake, kwa sababu Saburi alikuwa akimweka mchana kutwa katika kibanda cha wavu wa chuma na kumwashia moshi wa mavi ya ng'ombe. Mambo ya karanga yalipoharibika na Bwana akafunga mizigo kurudi kwao, binti alilia, na Bwana akamwambia Saburi, mbele yangu, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Kunde wako sasa. Watu watasema poni. Wewe sema farasi. Mdogo tu, lakini farasi." Akampa na kigari cha magurudumu mawili alichomtengenezea binti yake, na ule wavu.

Watu walitucheka sana, Mshauri. Walisema Saburi amelipwa mbwa anayekula majani. Yeye hakujali, akawa anabebea maji na kuni za watu kwa kigari kile, nasi tukala.

Sasa sikiliza kwa nini siwezi kumchukia mnyama huyu wala mwenye mnyama. Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua zimekata barabara, uchungu ulinishika alfajiri, na jua lilipopanda mkunga wetu, Bi Mwantumu, akamvuta Saburi pembeni, nikamsikia akisema, "Mtoto amekaa vibaya. Kwa mikono yangu hatoki. Mpeleke hospitali." Hospitali ni maili tano, lori la dukani lilikuwa limezama kwenye tope tangu juzi yake, na wanaume wa kunibeba kwa kitanda hawakutimia, maana wengi walikuwa wamezuiwa na maji ng'ambo ya mto. Saburi akatandika magodoro mawili juu ya kigari, akanilaza, miguu ikining'inia nje, akamfunga Kunde, na yeye mwenyewe akashika upande mmoja wa gari akavuta naye bega kwa bega. Tope lilimfika Kunde tumboni. Alianguka mara mbili, na mara mbili akanyanyuka bila kupigwa hata fimbo moja, na Saburi njia nzima anasema naye kama mtu anavyosema na ndugu yake, "Twende, baba, twende, usiniache hapa." Tukafika adhuhuri. Daktari alisema tungechelewa saa moja angezika watu wawili. Mtoto ni Sabaha, ana miezi sita, sasa hivi yuko mapajani mwangu ananyonya, na kila nikimtazama namshukuru Mungu, kisha mume wangu, kisha Kunde.

Lililoharibika ni hili. Mwezi uliopita tulikuwa sokoni Nachingwea, mimi nauza ufuta, Saburi amesimama na kigari chake, akaja Mikidadi, aliyekuwa dereva wa trekta za karanga na kabla ya hapo alikuwa askari, alifika mpaka India wakati wa vita. Mikidadi akamtazama Kunde akacheka.

"Saburi, hicho kipunda chako bado kinaishi?"

"Huyu ni farasi."

"Farasi! Mimi huko vitani nimeona farasi, na nimeona poni wanabeba risasi milimani. Huyo ni poni, tena poni aliyedumaa. Farasi gani anapita chini ya meza ya samaki bila kuinama?"

Watu wakaangua kicheko. Saburi akamwambia, "Bwana mwenyewe alinihakikishia."

"Bwana alikudanganya ili usimdai zawadi nyingine. Umeachiwa takataka ukaipa jina kubwa."

Nilimwona Saburi mdomo unamtetemeka. Mimi najua alichokuwa anakiona, alikuwa anaona lile tope. Akapiga mkono mgongoni mwa Kunde akasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, "Wallahi, kama huyu si farasi, mke wangu Mwanamvua ana talaka tatu!"

Hata Mikidadi alishtuka, akasema, "Aa, bwana wee, mimi nilikuwa natania." Saburi akageuka akaniona nimesimama na kipimo cha ufuta mkononi, uso ukamshuka, akawa kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa maji baridi.

Tungelimaliza wenyewe nyumbani, lakini wiki ile ile akapita Protasi, kijana wa idara ya mifugo, kumchoma Kunde sindano ya mbung'o, Saburi akamwuliza. Protasi akampima kwa kamba, akafungua daftari lake, akasema bila kujua anachokisema, "Kwa kimo hiki mimi nimemwandika poni." Nilikaa chini pale pale nilipokuwa.

Habari zikafika Ruangwa kwa kaka yangu Amri, akaja kunichukua na mtoto. Alisema talaka tatu si mchezo, siwezi kukaa nyumba moja na mwanamume ambaye huenda si mume wangu, na Saburi mwenyewe akasema Amri ana haki, akanifungia mizigo kwa mikono yake. Ni wiki ya nne sasa. Saburi amekuja mara moja kwa miguu na gunia la mihogo, akaliweka uani, hakuingia, akaniuliza kwa mbali, "Mtoto anakohoa bado?" nikamjibu, "Amepona," akasema, "Alhamdulillahi," akaondoka. Nililia mpaka wifi yangu akaniuliza nani amekufa.

Na kaka Amri sasa anasema hata kama ndoa ipo nisirudi, maana mume aliyeniapia kwa mnyama leo ataniapia kwa kuku kesho. Mimi moyo wangu una shukrani kwa mtu huyu, hauna kingine, na naona haya kusema kwamba nataka kurudi. Niambie, Mshauri: Kunde ni farasi au ni poni, mimi ni mke au si mke, na je, ni upumbavu kutamani nyumba ya mtu aliyenitamkia maneno kama yale?

Ni mimi,
Mwanamvua, Ruangwa


JIBU LA MSHAURI

Mama Sabaha,

Nakuomba radhi kwa kukuchelewesha. Barua yako haikuwa ya kujibiwa kwa kusikiliza upande mmoja, kwa hiyo nilimwandikia mumeo Nachingwea nikimtaka anieleze maneno aliyotamka, neno kwa neno, na umbo la mnyama wake. Amejibu kurasa nne. Nusu ya ukurasa ni kiapo, tatu na nusu ni Kunde. Nilimkasirikia, kisha nikasoma mahali alipoandika hivi: "Sina cha kujitetea. Mikidadi alipomwita takataka niliona kama anamtukana aliyemtoa mke wangu kaburini, na kwa ujinga wangu nikamtupa mke huyo huyo." Anajijua, basi. Hilo ni jambo la kushukuru.

Kwanza mnyama. Nilikwenda kwa mganga wa mifugo hapa mjini, mtu aliyezeeka na kazi hiyo, nikamsomea kurasa za Saburi. Alicheka, akaniambia kwamba wafugaji wa farasi wenyewe hugombana juu ya jambo hili. Wako wanaopima kimo tu: farasi yeyote ambaye mabega yake hayafiki kifuani mwa mtu mzima huitwa poni, yamekwisha. Huo ndio upimaji wa Protasi, na kijana hakukosea kwa kipimo chake. Wengine hutazama umbo. Poni ana mwili mnene, miguu mifupi yenye nguvu, shingo nene, manyoya mengi. Lakini wako farasi waliopunguzwa kimo kwa makusudi, wadogo wakazalishwa na wadogo wenzao miaka na miaka, mpaka wakabaki na shingo ndefu, kichwa chembamba na miguu myembamba ya farasi mkubwa. Mumeo ameandika kwamba miguu ya Kunde ni "kama ya swala" na shingo yake "inajipinda vizuri." Kwa hayo, mganga anasema yeye asingemhesabu Kunde miongoni mwa poni. Angesema ni farasi mdogo, kama Bwana yule alivyosema.

Nikamwuliza, "Na kama umekosea, ni poni?" Akanitazama kama niliyepungukiwa akili. "Poni ni nini basi, kama si farasi? Ni kabila la farasi. Punda ndiye mwingine."

Jibu hilo nikalipeleka kwa Sheikh Swalehe, ambaye watu wengi hapa humwendea kwa mambo ya ndoa, pamoja na barua zenu zote mbili, kwa sababu mimi ni mwandishi wa gazeti na talaka si yangu kuamua. Alisoma polepole, akauliza swali moja tu: mume alitaja neno poni? Hakulitaja, na wewe pia umeandika hivyo hivyo. Alisema "kama huyu si farasi." Sheikh akasema kiapo kimesimama juu ya neno farasi, na mnyama huyu ni farasi kwa wale wanaomwita farasi na kwa wale wanaomwita poni. Kiapo hakikuvunjika. Talaka haikuanguka. Wewe ni mke wa Saburi leo, na ulikuwa mke wake siku zote ulizolala kwa kaka yako. Sheikh amekuandikia hayo kwa mkono wake na kutia sahihi, karatasi inakuja na posta hii. Mpe Amri aisome kwa sauti. Na wewe msomaji mwingine uliyewahi kuapa kiapo cha namna hii, usijifariji kwa jibu la mwenzio. Peleka maneno yako kwa sheikh wako.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasema una shukrani na huna kingine. Sikuamini. Mwanamke aliyesimama sokoni na kipimo cha ufuta akasikia ndoa yake inatupwa ili kushinda ubishi ana hasira, tena hasira ya haki, na wewe umeizika kwa kuwa mtu huyu alikuvuta kwenye tope. Alikuvuta kwa kuwa ni mume wako na alikupenda. Hakununua kwa siku ile ruhusa ya kukuapia. Mshukuru kwa lile, mkasirikie kwa hili, na umwambie yote mawili, yeye akiwa amekaa na wewe ukiwa umesimama, asikukatize mpaka umalize.

Kutaka kurudi si upumbavu. Mume aliyekufungia mizigo kwa mikono yake, kwa kuogopa kukaa nawe kinyume cha sheria, kisha akaja kwa miguu kutoka Nachingwea kuuliza kikohozi cha mtoto akiwa amesimama uani, si mtu wa kuachwa. Mwambie Amri kwamba nimemwelewa na namheshimu kwa kukulinda, dada wangapi hawana kaka kama huyo, ila kazi yake ya kukulinda hapo imefika mwisho wake mzuri.

Hata hivyo hurudi bure. Saburi asimame sokoni, siku ya soko, mbele ya watu walewale na Mikidadi akiwepo, aseme kwa sauti ileile kwamba hatatia talaka katika kiapo tena maisha yake yote. Nimekwisha kumwandikia sharti hili, na amekubali bila kuuliza sababu. Mikidadi naye aombe radhi, si kwa kumwita mnyama poni, hilo ni maoni yake na anaweza kufa nayo, bali kwa kuendelea kumchokonoa mtu aliyekwisha kumwona anatetemeka. Na wewe uwepo, umevaa vizuri, na mtoto mgongoni.

Likitamkwa hilo, lisirudiwe kila mnapokosana juu ya chumvi. Funga mizigo yako leo, muage wifi yako kwa wema maana amekutunza, na lori la kwanza linalokwenda Nachingwea lipande. Kaa mbele na dereva, kwa ajili ya mtoto. Saburi atakuwa stendi. Amesema atakwenda kila siku mpaka ufike, kwa hiyo usimchoshe.